Utepe wa Chumba Namba Moja

Hivi mwenzangu, ukiona jiwe linameremeta kifuani mwa mtu, unatazama jiwe, au unatazama kile kilicholishika lisidondoke? Usione haya kujibu. Wengi wetu tunatazama jiwe. Royce Tackett naye alitazama jiwe, na ndiyo sababu leo tunamsema.

Ilikuwa Februari, mwezi ambao Tucson nzima hugeuka duka la mawe. Katika Moteli ya Ocotillo, kando ya reli, vitanda vilisimamishwa ukutani, meza zikaletwa, juu ya meza shuka safi, na juu ya shuka mawe. Ya kijani yalikaa kwenye visahani vya chai, mekundu kwenye vikopo vya kuokea keki, na yale makubwa yasiyokatwa yalilowekwa bafuni, ndani ya beseni la kuogea, ili maji yayape rangi. Wageni walipita chumba hadi chumba, wakiuliza bei na kusema, "Tunazunguka kidogo, tutarudi." Hawarudi. Hilo kila mwenye meza analijua, lakini hujibu "karibuni tena" kwa sababu adabu ni adabu.

Royce hakuwa na meza, hakuwa na chumba, wala hakuwa na jiwe. Alikuwa na kofia pana, buti za ngozi ya mbuni, goti bovu la kushoto, na ulimi wa kumuuzia samaki mwavuli. Mwaka uliotangulia alimuuzia daktari mmoja wa meno sanduku la sisimizi waliofunzwa kuchimba vito. Wala hakudanganya yote, maana kaskazini mwa jimbo sisimizi kweli hutoa punje nyekundu za kito ardhini na kuzitupa mlangoni kwao. Ila wale wa sandukuni Royce aliwaokota nyuma ya duka la kuku wa kukaanga, na kitu pekee walichowahi kuchimba ni makombo ya mkate.

Basi asubuhi hiyo alipita langoni mwa moteli akiangaza macho, na macho yakagota chumba namba moja. Nje ya mlango, kwenye kiti cha kukunja, alikaa bibi mnene mwenye nywele nyeupe zilizopindwa kwa roli, amekumbatia kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili. Huyo ndiye Bi Verlene Stumbo. Kifuani alining'iniza kidani cha waya wa rangi ya dhahabu, waya umesukwa kama ua la waridi, na katikati ya ua jiwe la buluu lililokatwa pembepembe, kubwa kama haragwe. Kila alipopumua, jiwe lilitupa cheche za buluu kwenye dari ya baraza.

"Mama," Royce akasema, amevua kofia, "hilo jiwe ni la kweli, au jua limeshanipiga?"

"Kaa kivulini kwanza tujue ni lipi," Bi Verlene akamjibu. "Ni yakuti samawi. Mume wangu marehemu alilichimba Montana. Wanasema bei yake ni bei ya nyumba, lakini nyumba utaivaaje shingoni?"

Royce akacheka kicheko cha heshima. Moyoni alikuwa ameshaiuza hiyo nyumba.

Ni vizuri tumtendee haki: Royce hakuwa mwizi. Mwizi hukimbia, na goti lake halikuruhusu. Yeye alikuwa mtu wa kubadilishana vitu bila kumsumbua mwenye mali kwa taarifa. Vidani vya waya alivijua sana upande huo. Jiwe la pembepembe kwenye waya hushikwa na kucha nne, bila gundi, bila kuunguzwa kwa moto. Ukijifanya unalisafisha, ukalisukuma taratibu kwa dole gumba kutoka nyuma, linachomoka, linaingia mfukoni, na kipande cha chupa kinakaa mahali pake. Mwenyewe anakushukuru na kukupa soda.

"Niruhusu nilifute vumbi," akasema.

Bi Verlene akakivua, akampa bila wasiwasi. Royce akakigeuza, na tabasamu likamkauka. Nyuma hapakuwa na pa kusukuma. Waya umezunguka kiuno cha jiwe, ukapita juu, ukapita chini, ukafunga kama mlango wa benki. Kulitoa jiwe lazima uukate waya wote, na bibi yuko hapo anatazama. Akaona pia ncha moja ya waya imetokeza nyuma, ukipitisha kidole inakwaruza. "Hata mabingwa huchoka," akawaza, akakirudisha kidani.

Sasa ubongo wake ukaanza kuchemka. Kama jiwe haliwezi kuachana na waya, basi waondoke wote wawili, na abaki pacha wao. Ila pacha atazaliwa na nani? Akainua macho, akaona kipande cha boksi kimebandikwa mlangoni: *Darasa la waya. Bure. Lete mikono tu.*

"Mama," akasema kwa sauti ya mtu wa kanisani, "nina mama yangu Oklahoma, anaumwa goti. Angefurahi sana nikimtengenezea kidani kama hiki hiki."

"Hiki hiki?"

"Bila tofauti hata ya unywele."

Bi Verlene akanywa chai yake polepole. "Mtoto anayemkumbuka mama yake," akasema, "simnyimi kitu. Vuta kiti, mwanangu."

Royce akavuta kiti. Akanunua waya, na jiwe la buluu la kiwandani la bei ya sandwichi, linalofanana na lile la bibi kama matone mawili ya maji.

Wewe usiyewahi kushika waya huo utadhani ni mchezo. Kwanza unaufuta kwa kitambaa mpaka unyooke. Kisha unazipanga nyuzi bega kwa bega kama watoto paredi, na unazifunga kwa waya mwingine mwembamba, mzunguko juu ya mzunguko, bila hata mmoja kumpanda mwenzake. Unafungua kucha, unalikalisha jiwe kwa kiuno chake, halafu unabana huku kidogo na kule kidogo, kwa kupokezana. Ukibana upande mmoja tu, jiwe linakasirika na kuruka.

La Royce liliruka. Mara ya kwanza liliingia kwenye sufuria ya maharage ya Glenda Oberholt, mama mwembamba wa chumba namba mbili, na ikabidi wote wale maharage kwa makini. Mara ya pili lilimpiga mteja sikioni, naye akafoka, kisha kwa aibu ya kufoka akanunua pete.

"Nionyeshe basi mama, mikono yako imezoea," Royce akaomba.

"Nikikushikia utajua lini? Fungua, anza upya." Bi Verlene hakuacha kikombe chake. "Na ukimaliza hapo nifungulie hii chupa ya matango, vidole vyangu vina mafuta."

Vidole vyake vilikuwa na mafuta kila siku. Royce alifungua chupa za matango, akafungua mifuko ya chipsi, akamfungia bibi vifungo vya sweta, na hakujiuliza lolote. Mjanja akishajua yeye ndiye mjanja, macho yake hupumzika.

Glenda hakuwa na mapumziko hayo. Lazima nikueleze kilichomnyima usingizi. Siku ya mwisho ya maonyesho, ukumbini ng'ambo ya barabara, hushindanishwa kazi za waya zilizotengenezwa msimu huo huo. Mshindi hupewa utepe wa buluu, na mwenye utepe ndiye anayekaa chumba namba moja mwaka ujao, pale langoni, ambapo kila mgeni lazima apite akiwa bado na hela na hamu. Wengine hugawiwa vyumba kwa kura ya bahati nasibu, na asiye na bahati hutupwa chumba cha mwisho, kati ya reli na mapipa ya taka, ambako hata anayetafuta choo hafiki. Bi Verlene aliishi mwaka mzima kwa mauzo ya Februari. Mapipa yangemmaliza.

"Verlene," Glenda akasema kwa sauti ya kupita barabarani, "mwaka huu utapeleka nini? Sijakuona ukigusa koleo tangu tufike."

"Kuku hatagi sokoni, Glenda."

"Kuku mzee hatagi popote."

"Ndiyo maana nakuonea huruma, shoga yangu. Karibu chai."

Royce alisikia, akacheka, akaendelea kufunga waya. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kumharibikia bila yeye kujua: kazi ilianza kumnogea. Alifika kabla wenye meza hawajatandika shuka. Alifumua msuko mzima kwa sababu mzunguko mmoja umelala vibaya. Ile ncha iliyokuwa inakwaruza kwenye kidani cha bibi, yeye kwenye chake aliihangaikia hadi akaipitisha chini ya kiuno cha jiwe na kuirudisha ndani ya msuko, isionekane wala isiguswe. Pacha wa kuibia hahitaji hayo. Lakini mkono ukishajua uzuri, haukubali kutumwa ubaya.

Tatizo moja tu. Royce alikuwa mtu wa mashoto, na misuko yake yote ilikwenda kushoto, wakati ya kidani cha bibi ilikwenda kulia.

"Nifumue?" akauliza, uso umemshuka.

"Iache iende inakotaka. Nani ataangalia?" Kisha bibi akamwangalia. "Wewe una mkono, Royce. Hukuwahi kufanya kazi ya kupewa tuzo?"

"Tuzo," Royce akasema, akacheka. "Nilipokuwa mdogo nilipeleka nguruwe kwenye maonyesho ya wilaya. Nilimwogesha kwa shampuu ya mama. Nilimchana. Utepe akapewa nguruwe wa mchungaji, ana masikio hayalingani. Mimi nikapewa kadi. Imeandikwa *Asante kwa Kuja*."

Akaendelea kucheka, ila koleo lilikuwa limesimama hewani. Bi Verlene alimtazama juu ya kikombe, akamkatia pai ya njugu kipande kikubwa kuliko cha jana.

Ikafika siku ya mashindano. Vidani viwili vililala mezani ubavu kwa ubavu, na mbele mtu asingevitofautisha. Bi Verlene akasimama, akachukua ndoo.

"Naenda kuleta barafu. Nichungie meza, mwanangu."

Mashine ya barafu ilikuwa mwisho kabisa wa moteli. Bibi akaenda kwa mwendo wa bibi harusi, akisimama kila mlango kumsalimia mtu, akimpa mjanja wetu muda wa kutosha kuiba hata milango yenyewe. Royce akachukua cha bibi, akakitia mfukoni. Akakiacha chake mezani, akakinyoosha mnyororo. Akaenda hatua mbili, akarudi kukinyoosha tena. Akakipangusa kwa ncha ya shati. Ndugu yangu, umewahi kumwona mtu anakionea uchungu anachokiacha kuliko anachokiiba?

Bibi akarudi, akakivaa kile cha mezani bila kukiangalia.

"Naondoka, mama. Asante kwa kila kitu."

"Msalimie mama yako. Moyo wake upone."

"Ni meno, mama."

"Na meno pia. Mama yako anaumwa kama zahanati nzima."

Mwisho wa mtaa palikuwa na hema la Eusebio Noriega, mzee anayenunua vito, mwenye lenzi ndogo iliyofungwa kamba shingoni. Royce akakiweka kidani mezani kwake kama mtu anayeweka mtoto kitandani.

"Yakuti samawi ya Montana," akasema. "Usiharakishe bei, mzee wangu. Tulia uone."

Noriega akatulia, akaona. Akaitoa lenzi jichoni.

"Umetoka Ocotillo, chumba namba moja?"

Royce akashusha ukingo wa kofia.

"Jiwe la kiwandani," mzee akasema. "Wanauziwa wanaojifunza, ili wakilivunja wasilie. Bei yake sandwichi, bila jibini. Na huu waya ni kazi ya bwana mmoja wa kofia ya majani, alikuwa hapa mwaka jana. Ona hii ncha. Nilimwambia, umeiacha ncha."

"Alikuwa hapa kufanya nini?"

"Kuniuzia kidani cha yakuti samawi cha Verlene. Alichokileta yeye kilitengenezwa na jamaa wa meno ya dhahabu, wa mwaka juzi. Yule wa meno ya dhahabu alileta cha mhubiri mmoja aliyemtangulia. Kila mwaka kinakuwa kizuri zaidi, lazima nikiri."

Royce akakaa kwenye boksi la mawe bila kuambiwa.

"Na Verlene mwenyewe?"

"Baridi yabisi imemshika vidole. Mwanamke aliyekuwa akisuka waya kama nywele, leo hawezi kukunja pini. Sasa afanye nini? Wajanja wako wengi mjini, na wana vidole vizuri."

"Ulijua haya yote, hukumwambia mtu?"

"Mimi nanunua mawe," Noriega akasema. "Habari siziuzi."

Mtu mwenye akili angewasha pikapu. Royce ufunguo alikuwa nao mkononi, na pikapu ilikuwa ng'ambo tu. Lakini kipaza sauti cha ukumbini kikakoroma, na sauti ya mwanamke ikasikika mtaa mzima: utepe wa buluu, Bi Verlene Stumbo, na safari hii misuko imekwenda kushoto, jambo ambalo waamuzi hawajapata kuliona. Goti la Royce lisilokimbia likakimbia.

Ukumbi ulijaa. Mwamuzi, mama mrefu mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, alikuwa amekiinua kidani juu.

"Nimetafuta ncha ya waya," alisema, "nimeigeuza kazi hii juu chini, sijaiona. Sijui imeenda wapi. Ni siri ya bingwa."

"Imepita chini ya kiuno cha jiwe, ikarudi ndani ya msuko wa tatu," sauti ikasema kutoka nyuma.

Ilikuwa sauti ya Royce. Yeye mwenyewe alishangaa kuisikia. Watu wote wakageuka, Glenda kabla ya wote.

"Na wewe umejuaje?" Glenda akauliza, jicho limemtoka.

Hapo sasa. Aseme kazi ni yake, lazima aeleze imefikaje shingoni mwa bibi, na cha bibi kimefikaje mfukoni mwake. Mdomo uliomuuzia daktari sisimizi ukafunguka, ukafungwa. Ukafunguka tena.

"Ni mwanafunzi wangu," Bi Verlene akasema kutoka jukwaani, kwa upole. "Nimemfundisha mwenyewe."

Ukumbi mzima ukampigia mwalimu makofi. Royce naye akapiga, maana mikono ilikuwa mitupu na macho ya Glenda yalikuwa bado kwake.

Baadaye Royce alimkuta Bi Verlene chumbani, amekaa kwenye kiti kile kile, utepe umebandikwa kifuani, mikono imekumbatia kikombe. Royce akaitazama mikono kwa mara ya kwanza. Vifundo vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Akakitoa kidani cha yule bwana wa kofia ya majani, akakitupa mezani.

"Umeniibia, mama."

"Mimi? Hicho kimetoka mfukoni mwa nani?"

"Umenifanyisha kazi siku zote hizo."

"Nimekulisha siku zote hizo. Maharage, pai, na matango ambayo, kusema kweli, ulijifungulia mwenyewe." Akaweka kikombe chini. "Glenda yuko hapo mlango wa pili. Kamwambie. Mimi nitahamia kwenye mapipa, nitauza kwa panya. Ila utaanzia wapi hadithi yako, ndiyo nakuonea huruma."

Royce akaangalia mlango, akaangalia sakafu.

"Au unataka jiwe?" bibi akauliza. "Lipo, chukua yote mawili, utapata sandwichi mbili. Unataka waya uliobaki? Unataka nusu ya meza mwakani? Mkono kama wako siukatai. Sema, mwanangu. Umekimbia na hilo goti mpaka hapa, hukukimbilia pai."

"Ni kwa ajili ya mama yangu," Royce akaanza, "anaumwa sana..."

"Mwache mama yako apumzike, ameumwa vya kutosha. Nakuuliza wewe."

Treni ikapita nyuma ya moteli, mawe yakatetema kwenye visahani. Royce akavua kofia. Akaizungusha mkononi kwa ukingo wake, upande wa kushoto, mpaka treni ikaisha.

"Nataka huo utepe," akasema. "Nimeutaka tangu yule nguruwe."